Walioongoza Wakakosa Tiketi: Chicago na Baltimore, 1912

Swali: "Shikamoo mwalimu. Nimesoma kwamba mwaka 1912 Theodore Roosevelt alimbwaga Rais Taft kwenye kura za mchujo za chama chao, hata Ohio nyumbani kwa Taft, halafu mkutano mkuu ukampitisha Taft. Mwaka huohuo, upande wa Democratic, Champ Clark alipata zaidi ya nusu ya wajumbe, naye akaachwa, akachukuliwa Wilson. Inakuwaje walioongoza wote wawili wakose? Waliibiwa?"

Marahaba. Umeuliza maswali mawili kwa pumzi moja, na majibu yake hayafanani. Clark hakuibiwa. Aliangushwa na kanuni iliyokuwepo katika chama chake tangu 1832, na yeye, Spika wa Baraza la Wawakilishi, aliijua kama anavyojua jina lake. Mwenye kesi ya kusikilizwa ni Roosevelt. Hata hivyo kesi yake ni ndogo kuliko alivyoitangaza, na mashine iliyompondaponda Chicago aliwahi kukaa kwenye usukani wake yeye mwenyewe.

Nianze na neno "mchujo", maana ndilo linalopotosha. Ukilisikia leo unafikiria mwanachama anapiga kura, kura zinahesabiwa, mshindi anachukua tiketi. Mwaka 1912 mambo hayakuwa hivyo. Marekani ilikuwa na majimbo 48, na yaliyofanya mchujo wa rais hayakuzidi 13. Jambo lenyewe lilikuwa geni: Oregon ilitunga sheria ya kuwaruhusu wanachama waseme wanamtaka nani mwaka 1910 tu. Kwingineko kote wajumbe walipatikana kwa njia ya zamani. Wanachama wachache walikutana mtaani, wakachagua watu wa kwenda mkutano wa wilaya, hao wakachagua wa kwenda mkutano wa jimbo, na huko ndiko walikochaguliwa wajumbe wa mkutano mkuu wa taifa. Kila ngazi ilikuwa na wenyewe. Aliyemiliki ukumbi, aliyejua saa halisi ya kuanza, aliyeshika orodha ya majina mlangoni, huyo ndiye aliyetoka na wajumbe. Kwa hiyo kura ya mwananchi ilikuwa ushauri, na kura yenye meno ilikuwa ya mjumbe.

Sasa tazama wajumbe waligawiwa vipi, maana hapa pana nusu ya siri ya mambo yote. Chama cha Republican kiliipa kila jimbo wajumbe wanne, kisha wawili kwa kila wilaya ya uchaguzi wa Kongresi. Hakuna aliyeuliza chama kina wapigakura wangapi huko. Georgia ikapata wajumbe 28. California ikapata 26. Georgia hiyo, tangu chama kianzishwe, Republican hakikuwa kimewahi kuishinda hata mara moja katika uchaguzi wa rais. Mississippi ilikuwa na wajumbe 20, na ukiyakusanya majimbo yote ya Kusini yaliyowahi kujitenga wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, unapata karibu robo ya mkutano mzima. Robo ya wenye kuchagua mgombea ilitoka mahali ambapo mgombea huyo asingepata kitu Novemba.

Hao wajumbe wa Kusini walikuwa nani? Walikuwa mchanganyiko wa Wamarekani weusi, chama chao kikiwa kile cha Lincoln, na wazungu. Kuanzia katiba ya Mississippi ya 1890, jimbo baada ya jimbo huko Kusini lilikuwa limewanyang'anya watu weusi kura kwa kodi ya kichwa, mitihani ya kusoma na vitisho. Chama kikabaki hakina wapigakura, kina uongozi tu. Na uongozi huo uliishi kwa ajira za serikali kuu: mkuu wa posta, ofisa wa forodha, karani wa mahakama. Aliyezitoa ajira hizo ni rais. Usiharakishe kuwacheka. Kwa mtu mweusi wa Alabama wa wakati ule, kiti katika mkutano mkuu kilikuwa karibu mahali pekee palipobaki katika siasa za nchi yake ambapo sauti yake ilihesabiwa sawa na ya mzungu. Lakini matokeo yake ni kwamba rais aliye madarakani aliingia mkutanoni tayari ana mtaji mkononi.

Roosevelt alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote. Mwaka 1904 alitumia ajira za Kusini kujihakikishia tiketi yake. Mwaka 1908, akiwa bado rais, alizitumia tena, safari hiyo kumpitisha rafiki yake William Howard Taft. Kamati kuu ya taifa ya chama ilipokaa mwaka huo kusikiliza ugomvi wa wajumbe, ilitoa viti kwa watu wa Taft mfululizo, mpaka waandishi wa habari wakaifananisha na rola ya mvuke, ile mashine ya kushindilia barabara. Roosevelt hakulalamika hata kidogo. Palipoletwa pendekezo la kuwapunguza wajumbe wa Kusini kulingana na kura halisi za chama, kambi yake ililizima. Lishike hilo, tutalirudia.

Alipomkabidhi Taft Ikulu Machi 1909, alikuja kwetu. Aliteremka Mombasa Aprili pamoja na mwanawe Kermit, wakapanda reli kwenda bara, wakawinda kuanzia Kapiti hadi Naivasha na Mlima Kenya, kisha Uganda na Lado hadi mto Nile. Wapagazi walimwita Bwana Mkubwa. Kermit alianza kwa kuitwa Bwana Mdogo, na baadaye, kwa unadhifu wake, akapandishwa cheo kuwa Bwana Maridadi. Naileta habari hii kwa sababu ugomvi na Taft ulimfikia akiwa hukuhuku: Januari 1910, akiwa Lado, tarishi alimletea taarifa kwamba Taft amemfukuza Gifford Pinchot, mkuu wa misitu, mtu wa karibu sana wa Roosevelt katika kazi ya kulinda ardhi ya umma. Kutoka hapo urafiki ulipukutika. Mwaka 1911 serikali ya Taft ilipoishtaki kampuni kubwa ya chuma ya U.S. Steel, na mashtaka yakagusa muungano wa makampuni ambao Roosevelt mwenyewe aliukubali akiwa rais, mambo yakafika pabaya. Februari 1912 alitangaza kwamba kofia yake iko ulingoni. Ni msemo wa mabondia: ukitaka kupigana, unatupia kofia yako ndani ya kamba.

Mchujo wenyewe haukumwanzia vizuri. Tarehe 19 Machi, North Dakota ilimchagua Seneta Robert La Follette wa Wisconsin, mpenda mageuzi aliyekuwa ameanza kampeni kabla yake na aliyemchukia Roosevelt kwa kumwingilia. Wiki moja baadaye Taft alichukua New York. Kisha upepo ukageuka. Illinois, Pennsylvania, Maryland, California, New Jersey, zote zikaenda kwa Roosevelt. Taft akalazimika kufanya jambo ambalo rais aliye madarakani hakuwa amelifanya kabla yake, kuzunguka na treni akijitetea mbele ya wanachama. Mwishoni mwa Aprili, baada ya kumshambulia Roosevelt hadharani Boston, mwandishi wa habari alimkuta peke yake ndani ya behewa, ameshika kichwa, analia, akisema Roosevelt alikuwa rafiki yake wa karibu kuliko wote. Massachusetts aliipata kwa tofauti ndogo. Ohio, kwao, akaikosa.

Kura zote za mchujo zilipojumlishwa, Roosevelt alikuwa na zaidi ya milioni 1.1, Taft kama 760,000, La Follette kama 350,000. Kwa wajumbe waliopatikana kwa njia hiyo, hesabu inayotajwa sana ni Roosevelt 278, Taft 48, La Follette 36. Ukiishia hapo utasema ameshamaliza kazi. Lakini jumlisha: ni 362. Mkutano mkuu ulikuwa na wajumbe 1,078, na ushindi ulihitaji 540. Theluthi mbili ya ukumbi ilijazwa nje ya mchujo, na huko ndiko Taft alikokuwa amepanda mapema. Watu wake walizunguka Kusini wakikusanya wajumbe hata kabla Roosevelt hajatupa kofia.

Kilichobaki kwa Roosevelt kilikuwa kupinga uhalali wa wajumbe hao, na hapa ndipo hadithi inapochafuka pande zote mbili. Viti 254 vilikuwa na ugomvi, maana yake makundi mawili yalifika na hati mbili kutoka wilaya ileile. Jimbo hadi jimbo, watu wa Roosevelt walitoka ukumbini, wakafanya mkutano wao wa pembeni, wakachagua wajumbe wao. Baadhi ya madai yalikuwa ya kweli, Texas na jimbo la Washington hasa. Mengi hayakuwa na mguu wala kichwa. Gazeti la Washington lililokuwa mali ya Frank Munsey, tajiri aliyemfadhili Roosevelt, lilikiri bila aibu kwamba pingamizi nyingi za Kusini ziliwekwa ili jedwali la wajumbe lisionekane Taft ameshakwenda mbali. Yaani propaganda.

Kamati kuu ya taifa ilianza kusikiliza kesi hizo Chicago tarehe 7 Juni. Wajumbe wake walikuwa walewale waliochaguliwa mwaka 1908, wakati Roosevelt akiwa mwenye chama. Kamati ikatoa viti 235 kwa Taft, 19 kwa Roosevelt. Kati ya hivyo 235, vingi vilikuwa halali ya Taft, hata mawakili wa Roosevelt waliacha kuvigombania. Ila kamati iliyotoa uamuzi wa haki kwenye viti vingi haikosi kujipa na visivyo vyake ikiona vinahitajika.

California ndiyo mfano ninaoupenda. Sheria ya jimbo ilisema mshindi wa jimbo zima anachukua wajumbe wote 26, na Roosevelt alishinda jimbo zima. Wito wa chama kwa mkutano mkuu ulisema kila wilaya ichague wake. Wilaya moja ya San Francisco, Taft alidai kuiongoza kwa kura chache sana. Kamati ikampa wajumbe wawili wa wilaya hiyo. Swali la kisheria ni zuri kweli: sheria ya jimbo na kanuni ya chama zikigongana, ipi inashika? Ningeweza kulitetea kwa pande zote mbili mbele ya hakimu. Lakini watu wa kawaida hawakuona kanuni. Waliona jimbo lililopiga kura na viti viwili vilivyochukuliwa.

Basi kuna kanuni moja zaidi, na mimi naiona ndiyo iliyoamua. Orodha iliyotolewa na kamati kuu ndiyo iliyokuwa orodha ya muda ya mkutano. Aliyeandikwa humo aliketi, na aliyeketi alipiga kura, kuanzia dakika ya kwanza, juu ya kila kitu: mwenyekiti wa muda, kamati ya kuhakiki wajumbe, na hatimaye uhalali wa viti vyenyewe. Usipoingia kwenye orodha ya muda, rufaa yako inasikilizwa na aliyekalia kiti chako.

Roosevelt alivunja desturi akaenda Chicago mwenyewe. Wagombea wa zama zile walikaa nyumbani wakijifanya hawana habari, mpaka ujumbe uwafuate wiki kadhaa baadaye kuwaarifu rasmi. Usiku wa tarehe 17 Juni alihutubia umati akamaliza kwa kusema wanasimama kwenye Har-Magedoni na wanapigana vita vya Bwana. Kesho yake mkutano ulifunguliwa katika ukumbi wa Coliseum. Chini ya mapambo ya jukwaa palikuwa pamefichwa waya wa miba, na askari polisi walikuwa wengi kuliko mkutano wowote wa chama waliokuwa wameuzoea.

Victor Rosewater, mwenyekiti wa kamati kuu, alifungua kikao. Herbert Hadley, gavana wa Missouri aliyeongoza kambi ya Roosevelt ukumbini, alisimama papo hapo akataka wajumbe 72 wa Taft watolewe, waingie 72 wa Roosevelt, kabla ya shughuli yoyote. Rosewater akasema mkutano usio na mwenyekiti hauwezi kupokea hoja. Kwanza mwenyekiti wa muda achaguliwe. Achaguliwe na nani? Na wote walioketi, wakiwemo hao 72.

Kambi ya Taft ilimsimamisha Elihu Root, seneta wa New York, aliyekuwa waziri wa Roosevelt mwenyewe. Kambi ya Roosevelt ikamsimamisha Francis McGovern, gavana wa Wisconsin, kwa matumaini ya kuwavuta watu wa La Follette. Hapo chuki ikafanya kazi yake. Walter Houser, msimamizi wa kampeni ya La Follette, alisimama mbele ya wote akatangaza kwamba hakuna mapatano na Roosevelt, na La Follette asingekubali. Root alipata kura 558, McGovern kama 500 hivi.

Root akiwa mezani, swali la wajumbe 72 likarudi. Uamuzi wake ulikuwa wa mwanasheria hodari: mjumbe anayepingwa hatapiga kura juu ya kiti chake mwenyewe, lakini atapiga juu ya viti vya wenzake. Kwa hiyo mtu wa Alabama hakuwa hakimu wa kesi yake. Alikuwa hakimu wa kesi ya mtu wa Texas, na wa Texas akawa hakimu wa kesi yake. Ulikuwa uamuzi wenye mifano ya nyuma katika Kongresi. Pia ulikuwa umemaliza mchezo. California ilipopigiwa kura, Taft alishinda kwa 542 dhidi ya 529, na hiyo ndiyo mara aliyokaribia zaidi kupoteza.

Siku zilizobaki zilikuwa za kelele. Wajumbe wa Roosevelt walileta vipande vya msasa, wakavisugua pamoja ili vitoe sauti ya mvuke, huku wengine wakipiga honi kwa midomo kila Root alipotoa uamuzi. Ile rola ya 1908 ilikuwa imerudi, na safari hii dereva wa zamani alikuwa amelala barabarani. Tarehe 22 Juni Roosevelt aliwataka watu wake wakae bila kupiga kura. Seneta wa kesho, Warren Harding wa Ohio, alimpendekeza Taft huku akizomewa. Matokeo: Taft 561, Roosevelt 107, La Follette 41, Albert Cummins wa Iowa 17, Charles Evans Hughes 2. Wajumbe 344 walikuwepo ukumbini, wakakataa kupiga.

Aliibiwa, basi? Fanya hesabu na mimi. Tuseme madai yenye nguvu yalikuwa viti 30, kiasi ambacho wanahistoria makini wanaweza kukikubali bila kugombana sana. Mwondolee Taft 30 kwenye zile kura za Root: anabaki na 528. Mwongezee Roosevelt: anafika kama 530. Wote wawili wako chini ya 540. Tiketi ingekuwa mikononi mwa wajumbe wachache wa La Follette na Cummins, na La Follette angekula msasa kabla ya kumpa Roosevelt kura. Naamini kwamba usikilizwaji wa haki ungemnyima Taft ushindi wa mapema, lakini usingempa Roosevelt tiketi. Ungezaa mtu wa tatu, labda Hadley, ambaye jina lake lilikuwa likitajwa wakati ule na pande zote. Roosevelt alipoelezwa habari za mtu wa tatu, hakutaka kusikia.

Alichofanya unakijua. Munsey na George Perkins walimwahidi fedha, na Agosti, katika ukumbi uleule wa Coliseum, Chama cha Progressive kilizaliwa kikampa tiketi. Kilikuwa na mambo ya mbele kuliko wakati wake. Jane Addams, mwanamke, alisimama kuunga mkono jina la mgombea. Na chama hichohicho, kilichozaliwa kwa kilio cha wajumbe walionyimwa viti, kiliwanyima viti wajumbe weusi waliotoka majimbo ya Kusini, kwa sababu Roosevelt alitaka kuwavuta wazungu wa huko. Hakuwavuta. Novemba alipata asilimia 27 ya kura na kura 88 za wajumbe wa uchaguzi, wale wanaomchagua rais rasmi baada ya wananchi kupiga kura, Taft akaambulia Utah na Vermont, kura 8 kwa jumla. Woodrow Wilson, kwa asilimia isiyofika 42, alizoa 435.

Huyo Wilson ndiye anayetupeleka Baltimore, kwenye nusu ya pili ya swali lako, ambayo haihitaji maneno mengi.

Chama cha Democratic kilikutana huko tarehe 25 Juni. Kwao mgombea alihitaji theluthi mbili ya wajumbe, zaidi kidogo ya 720. Kanuni hiyo ilitoka enzi za Andrew Jackson, na watu wa Kusini waliipenda kwa sababu iliwapa uwezo wa kumzuia mgombea yeyote wasiyemtaka. Champ Clark wa Missouri alifika akiwa mbele: alikuwa amemshinda Wilson kwenye mchujo wa Illinois, California na Massachusetts. Duru ya kwanza alipata kura 440½, Wilson 324, Judson Harmon wa Ohio 148, Oscar Underwood wa Alabama 117½. Hiyo nusu usishangae; majimbo mengine yalipeleka watu wawili kwenye kiti kimoja.

Duru ya kumi, Charles Murphy, kigogo wa Tammany, mtandao wa Democratic uliotawala siasa za jiji la New York, alizihamisha kura 90 za jimbo lake kutoka kwa Harmon kwenda kwa Clark. Clark akafika 556, zaidi ya nusu. Tangu 1844, yalipompata Martin Van Buren, hakuna mwana-Democratic aliyefika nusu akakosa tiketi. Watu wa Clark walianza kusherehekea. Wilson, aliyekuwa kwenye nyumba ya gavana kule Sea Girt, New Jersey, aliandaa taarifa ya kuwaachia wajumbe wake; William McAdoo, mmoja wa wasimamizi wa kampeni yake, ndiye aliyemzuia.

Wafuasi wa Underwood hawakutikisika, na bila Kusini theluthi mbili haikupatikana. Halafu New York ile iliyomvusha Clark ndiyo iliyomzamisha. William Jennings Bryan, mgombea wa chama mara tatu huko nyuma, alikuwa ameshawashambulia ukumbini mabepari wawili waliokaa humo kama wajumbe, August Belmont na Thomas Fortune Ryan. Kwenye duru ya 14 alisimama akasema hatamuunga mkono mtu yeyote anayebebwa na kura za Murphy, akahamia kwa Wilson, ingawa Nebraska, jimbo lake, lilikuwa limewaagiza wajumbe wake wampe Clark. Wengi husema hotuba ile ndiyo iliyomaliza kazi. Sikubaliani nao. Ukifuata duru moja moja, Wilson alipanda polepole mno, kura mbili hapa tatu pale, na kilichomvusha hasa ni mapatano: Indiana ilikuja, na gavana wake Thomas Marshall akaishia kuwa mgombea mwenza, kisha Illinois ya Roger Sullivan, kigogo wa chama huko, ikahama. Tarehe 2 Julai, duru ya 46, Wilson alipita kwa kura 990.

Clark hakumsamehe Bryan mpaka alipokufa 1921. Lakini ukiweka kanuni mezani, hakuna aliyemgusa. Alihitaji theluthi mbili na hakuzipata.

Huenda utauliza kama mambo haya yalibadilisha chochote. Kwa Republican, ndiyo, haraka: kwa mkutano wa 1916 chama kilipunguza wajumbe wa Kusini, lile jambo ambalo kambi ya Roosevelt ililizima 1908. Mchujo wenyewe ulienea kidogo, kisha ukadorora kwa miongo mingi, na haukuwa wenye kuamua tiketi mpaka baada ya vurugu za mkutano mkuu wa Democratic Chicago mwaka 1968. Democratic waling'ang'ania theluthi mbili hata baada ya aibu ya Madison Square Garden mwaka 1924, walipopiga kura duru 103 kabla ya kumpata John W. Davis, mtu ambaye karibu hakuna aliyekwenda New York kwa ajili yake. Waliifuta 1936, Philadelphia. Kamati ya kanuni iliyopeleka pendekezo hilo iliongozwa na seneta wa Missouri, Bennett Champ Clark, mtoto wa Champ.